Kurasa Nane za Mwaka wa Kwanza

Kaka Elia,

Ulipokuwa chuoni kule Ufilipino, barua zetu zilianza kwa kuulizana hali. Leo sijui nikuulize nini. Mimi mzima, kwa kiasi. Wifi Salome ameanza tena kulala chumbani kwenu. Mwezi wa kwanza alikuwa analala kwenye kochi. Grace wako bado nikimsemesha ananijibu kwa Kiingereza, lakini Jumapili iliyopita kanisani alinishika mkono akasema, "Shikamoo, shangazi." Nililia mbele za watu, nawe unajua nisivyopenda.

Bahasha yako kutoka chuoni imefika. Ilifika wiki tatu baada ya kukuzika. Salome aliifungua mezani, Grace akatusomea. Ni maelezo ya yale masomo ambayo kila mwanafunzi kule lazima ayapitie, awe anasomea uuguzi au ujenzi: Kujielewa, Maadili, Kuthamini Sanaa, Historia ya Wafilipino, Hisabati ya Ulimwengu wa Leo, na muhula mzima wa maisha ya shujaa wao wa taifa. Grace alipofika kwenye mazoezi ya viungo, ile ngoma ya kurukaruka katikati ya mianzi inayogonganishwa, alicheka, na mama yake naye akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Mimi nikaenda jikoni kujifanya natafuta sukari.

Unamkumbuka mama kwenye simu? "Tumekupeleka kusoma au kucheza ngoma?" Wewe mwenyewe ulilalamika mwanzoni, kwamba hukusafiri kote huko ili ukariri maisha ya shujaa wa watu. Lakini baadaye ulibadilika. Hapa Landani, kwenye nyumba ya wazee tulikofanya kazi wote kabla sijapata ya ofisini, ulikuwa unabisha hodi kila mlango, hata kwa yule mzee kiziwi. Nikakuuliza unajisumbulia nini. Ukasema, "Anatomia ilinionyesha mfupa ulipo. Kubisha hodi nilifundishwa kwenye Maadili." Nilikucheka. Siku zile nilikuwa mjuaji wa kila kitu.

Sasa nisikilize, kaka, usinikatize kama kawaida yako.

Ulipotaka kusajiliwa uuguzi hapa, ulinikabidhi makaratasi yako niyatume, kwa kuwa mimi ndiye ninayeijua kompyuta. Vyeti, alama, maelezo ya masomo, kila ukurasa na muhuri wake. Nikakaa nikayapitia. Nikaona ngoma ya mianzi. Nikaona Kuthamini Sanaa. Kaka, niliona aibu. Nikawaza, Waingereza wakisoma haya watasema huyu si muuguzi, ni mcheza ngoma. Basi nikatuma ya uuguzi peke yake. Kurasa nane nyingine, zile za masomo ya mwaka wa kwanza, nikazichana, nikazitupa, nikijiona nimekusaidia.

Ofisi ya usajili ikajibu kwa adabu kabisa kwamba saa za masomo hazilingani na orodha ya alama. Wanataka maelezo yote. Ukakuna kichwa. "Labda nilizisahau mimi, siku tulipohama." Hata hukuniuliza. Salome alikusema wiki nzima: mwanaume mzima, makaratasi ya maisha yako yanakupotea! Ukamwomba radhi. Ulimwomba mbele yangu, nikiwa nakunywa chai yenu, na mimi nikanyamaza.

Ukaandika barua chuoni wakutumie nyingine. Miezi ikapita. Nilijiambia zikifika tu nitakueleza, tutacheka. Ukaanguka kituo cha basi, mtaani Tooting, ukiwa na sare ya mtunza wazee uliyosema mwaka huu utaivua. Sisemi kurasa zile zingezuia kifo. Daktari alisema ni moyo. Lakini ungekufa ukiitwa muuguzi. Hilo nilikunyima mimi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sikujua kwamba kifo chenyewe kingekuwa chako.

Ningeweza kuendelea kunyamaza, Mungu anisamehe. Siri hii naijua peke yangu. Lakini juzi Grace alikuwa anajaza fomu ya chuo. Anataka uuguzi, kaka, kama wewe. Mama yake akamwambia, "Tunza makaratasi yako, usiwe kama baba yako." Alisema kwa upendo, hata alitabasamu. Grace akaitikia kwa kichwa. Nikaona jinsi mwanao atakavyokubeba moyoni maisha yake yote: baba mwema, msahaulifu, aliyejiharibia mwenyewe. Na wewe ulikuwa mtu wa kupanga hata soksi kwa rangi.

Kesho Jumamosi nitapanda basi niende kwao. Naogopa. Salome ana haki ya kunifungulia mlango nitoke, na pengine hatutakuwa mawifi tena, na sina ndugu mwingine mji huu. Niliwaza nimwambie kwa simu, kisha nikaona huo ni woga mwingine. Nitawaambia wote wawili wakiwa wameketi, na Grace nitamweleza polepole, asikose neno hata moja.

Lala salama, kaka yangu. Ulinilea, ukanitafutia kazi, ukabeba na kosa langu bila kujua. Nakuahidi sitaanza kwa kujitetea, wala sitaanza kwa kulia. Nitaanza na hili: Elia hakusahau kitu.

Mdogo wako,
Neema