Kofia Isiyosoma Mawazo

Kenyamonta, Serengeti

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia na baridi ya Tukuyu haikusumbui sana. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na ule ugali wa mtama niliokuwa naulalamikia sasa naumega bila kubembelezwa. Ningekupigia simu, lakini wewe ukipokea unaweka sauti ya juu hadi jirani anaitikia salamu. Haya ya leo nataka uyasome peke yako, umekaa.

Mwezi uliopita walikuja hapa zahanati kwetu wataalamu na kifaa kipya. Ni kofia laini yenye nyaya nyingi, inaunganishwa na kompyuta, inapima umeme wa ubongo. Usishtuke, kila mtu anao huo umeme, hata wewe. Kwa mwenye kifafa, mistari inayochorwa kwenye kompyuta huweza kuonyesha hitilafu, ikamsaidia daktari kuchagua dawa. Walitaka kwanza wakae na wananchi, waulizwe maswali, watu waishike kofia wenyewe, ndipo wapimwe wanaotaka. Kiongozi wao anaitwa Laurian, kijana wa Bukoba, msomi mpole mwenye ulimi wa haraka.

Mimi nilikuwa namwaza mtoto mmoja tu, Dorah, mjukuu wa Mzee Magige. Huwa anaanguka. Mara ya mwisho aliangukia jikoni, mkono ukaungua. Watoto wenzake walikatazwa kula naye sahani moja, babu yake akamtoa shule. Nimekwenda kwao kumwombea matibabu mpaka mbwa wamenizoea. Mzee ananipa maziwa ya mgando, ananiuliza habari za Mbeya, na kuhusu mtoto anasema hapana.

Basi Laurian akapita na kipaza sauti akitangaza kwamba imekuja mashine inayoona yaliyomo kichwani. Mama, hii ni nchi ya ng'ombe, na ng'ombe huibwa. Kufika jioni habari ilikuwa imegeuka: serikali imeleta mashine ya kuwataja wezi. Siku ya mkutano vijana wengi tuliambiwa wamesafiri. Wa kwanza kufika, tena kwa furaha, alikuwa Mzee Magige. Mkono mmoja amemshika Dorah, mwingine ameshika shati la jirani yake Werema, anayemshuku kwa maksai wake waliopotea. Akasema Werema avae kwanza, mashine iseme maksai wako wapi, halafu mtoto naye atapimwa.

Sitakuficha, nilishawishika. Nilimvuta Laurian pembeni nikamwambia tumvishe Werema kidogo tu, tuseme mashine haikuona kitu, mradi mtoto apimwe. Alikataa. Alisema uvumi ameuanzisha yeye kwa mdomo wake, na tukiuongezea uongo hakuna atakayetuamini tena. Akarudi akawaambia watu kwamba mashine haisomi mawazo. Mzee akacheka, akasema hata mwizi husema hivyo. Nikajitolea nivae mimi, tumalize ubishi. Mzee akaniamuru niwaze jambo moja kubwa, Laurian alisome.

Laurian alitazama mistari yake, akasema anaona nimefumba macho na nimekaza taya. Ninachowaza hakijui. Watu wakacheka, Werema kuliko wote. Mzee hakucheka. Alisema kama haijui hata hilo, haina kazi na mjukuu wake, akamshika Dorah mkono akaanza kuondoka.

Mama, hapo ndipo nilipofanya jambo lililonifanya nikuandikie. Nilisema, "Babu, subiri. Mashine haijui nilichowaza. Nitakuambia mwenyewe."

Nikapandisha mkono wa gauni, nikawaonyesha lile kovu ambalo miaka yote tumesema ni uji ulinimwagikia. Nikawaambia nilikuwa nayawaza mafiga ya nyumbani, na mama yangu akinitoa motoni kwa mikono mitupu. Nikasema nina kifafa tangu utotoni, nameza dawa kila siku, na wengi wa akina mama waliokaa pale nimewazalisha mimi. Zile nyaya zilikuwa bado ziko kichwani.

Mzee alirudi, akainama akalitazama kovu. Akaniuliza kama sijawahi kuanguka nikiwa kazini. Nikamjibu kwamba dawa zinanisaidia, sijaanguka tangu nikiwa sekondari. Akavua pama lake, akampa Werema amshikie, huyo huyo mwizi wake, akamkalisha Dorah kwenye kiti.

"Mvike," akasema, kisha akamgeukia Werema, akimwita kijana kwa lugha yao. "Lakini wewe mura, habari ya maksai haijaisha."

Mistari ya Dorah ilionyesha hitilafu, akaanzishiwa dawa. Mpaka leo ninapoandika hajaanguka, na amerudi shule. Hata wale waliosafiri wamerejea, wengine wamekuja kupimwa. Mkubwa wangu wa kazi aliniita, nikadhani ajira imekwisha. Alinigombeza kwa kuficha, kisha akapanga nisiachwe zamu peke yangu.

Najua nilikuapia, mama. Uliificha siri hii ili nisome, niolewe, nisichekwe, na ulinilinda kweli. Ila nilipomwona mzee anaondoka na yule mtoto, niliona nikinyamaza nitakuwa nimemrudisha jikoni mwenyewe. Naogopa utakasirika, lakini sijutii. Wakikuuliza hapo kijijini, waambie ukweli, na useme mwanao anafanya kazi.

Nisalimie baba na wote wa nyumbani. Jirani naye msalimie, kwa sauti ya kawaida.

Dorah yuko hapa mlangoni, amefuata dawa zake. Ameniuliza kama mikono ya mama yangu nayo iliungua siku ile. Nimemwambia iliungua, na kwamba ukiulizwa ulikuwa unasema ni sufuria. Amesema nikuandikie hivi: shikamoo bibi, na pole kwa mikono.

Ni mimi mwanao,
Lusekelo