Mama Alipofika Dar kwa Ndege

Mama yangu, shikamoo huko uliko.

Leo vijana wawili walikuwa wakibishana juu ya umbali wa Mtwara na Dar es Salaam. Mmoja anasema ni zaidi ya kilomita mia tano, mwenzake anasema kwa ndege ni saa moja tu. Nikacheka, maana nilikukumbuka wewe.

Ilikuwa ile miaka ya tisini, masika yamekata barabara kule Rufiji na mabasi hayapiti. Mimi nilikuwa nimelazwa Dar na mimba yangu ya kwanza, presha imepanda, nakutaja wewe tu. Kaka Salumu, aliyekuwa kibarua bandarini Mtwara, akakufuata kijijini kwetu Mahurunga kukueleza. Alidhani atakubembeleza, wewe uliyeogopa hata kupanda lori la korosho. Ukamwambia, "Kama njia iliyobaki ni ndege, nipandisheni."

Ukafungasha ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha na muhogo wa kukutosha safari ya siku tatu, kwa kuwa ndivyo tulivyosafiri siku zote, tukilala njiani tukisubiri kuvuka mto. Mume wangu Hamisi, aliyekuja kukupokea, alinisimulia kwamba ulipotua ulikaa kwenye kiti pale uwanjani ukagoma kuinuka. Ulimwambia, "Hapa Lindi, mkwe wangu. Mimi naenda Dar." Ikabidi abiria wenzako wakuhakikishie.

Ulipoingia wodini hukuuliza presha. Ulinishika shavu.

"Kumbe uko karibu hivi," ulisema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi kila ukiondoka nakulilia kama nakuzika."

Tukalia, kisha tukacheka mpaka nesi akaja kutunyamazisha. Siku ya pili yake nikajifungua salama. Ukanikanda kwa maji ya moto arobaini nzima, ukampa mtoto jina lako bila kumuuliza mtu.

Uliporudi kijijini ukawa mtu mwingine. Sikukuona tena ukilia kituoni. Ukiulizwa habari za Dar, ulijibu kwamba kinachochosha ni njia ya kutoka Mahurunga mpaka Mtwara mjini. Ukishapanda ndege, mate hayajakauka mdomoni umeshafika. Wanawake wa kijiji jirani cha Ziwani walidhani unatia chumvi.

Miaka ikapita. Salumu aliponipigia simu kwamba umeacha kula, sikungoja basi. Nilipanda ndege asubuhi, na alasiri nikawa mlangoni kwako.

"Umekuja?" uliuliza.

"Nimekuja, mama."

"Basi usisimame hapo kama mgeni. Ingia."

Mungu akatupa wiki kadhaa. Ulinifundisha upya kubangua korosho bila kuzivunja, ukanisema kwa zile nilizovunja, ukazila wewe. Jioni tulizungumza habari za baba na za utoto wangu, mpaka usingizi ukuchukue katikati ya maneno.

Watu hunipa pole hadi leo, nami huipokea. Lakini moyo wangu umetulia, mama. Alfajiri ile ya mwisho ulipotaka maji, hukuhitaji kuita mara mbili. Nilikuwa pembeni yako, nikakuinua kichwa, ukanywa, ukasema, "Yanatosha, mwanangu."

Pumzika kwa amani. Dua zangu zinakufuata kila nikimaliza kuswali.

Ni mimi,
binti yako