Shangazi Alivyoitikia kwa Kichwa

Dada yangu,

Paa limezibwa, na mbuzi wako amezaa mapacha. Sasa nikwambie ya mahakamani.

Kesi ya nyumba ya shangazi iliendeshwa kwa ile lugha nyingine. Lugha rasmi tunazo mbili, lakini hakimu anatumia moja tu, kana kwamba ya kwetu ni ya kufukuzia kuku! Unamjua shangazi: mkubwa akisema, yeye huitikia kwa kichwa, ndiyo adabu yake. Akaitikia kila sentensi, na hakimu akaandika kwamba amekubali kuhama.

Nikasimama. "Mheshimiwa, hajaelewa hata neno! Asomewe kwa lugha yake, ni haki yake kisheria!"

"Kaa chini!"

"Sikai!"

Askari wakanitoa mzobemzobe, ndiyo maana nakuandikia kutoka mahabusu. Usilie, nalala vizuri.

Lakini karani alimsomea. Nikiwa mlangoni nikamsikia shangazi, yule asiyewahi kumkatalia mtu kitu: "Nihame? Mimi? Thubutu!"

Hakimu amefuta aliyoandika, na kesi itaanza upya Jumatatu, kwa lugha zote mbili. Njoo ukae naye, maana mimi sitakuwepo. Mwambie safari hii kichwa akitulize.

Mdogo wako,
Mdomo