Sanduku la nyuki nililolipaka vidange

Jumanne. Mvua imeanza kabla ya saa nne asubuhi na haijanyamaza. Huku kwetu Cimpunda, mtaa wa Bukavu, hakuna anayefurahia mvua ya namna hii. Matope yanashuka kutoka juu, yanapita katikati ya nyumba za watu kana kwamba yamealikwa, na kila mwenye nyumba anasimama mlangoni na jembe lake akiyaelekeza kwa jirani. Mimi nimekaa kwenye karakana yangu, yaani chini ya mabati niliyoyashikiza kwenye ukuta wa nyumba, na sifanyi kazi.

Wanaonifuata hapa wamezoea picha. Mlango wa mbao nyekundu, kabati, kitanda cha maharusi. Leo hakuna picha. Kuna jambo nataka kulisema, na nikisubiri jua litoke sitalisema.

Mbele yangu kuna sanduku la nyuki. Kuta zake mbili zimelala kidogo kwa ndani, kama hori la ng'ombe, na juu kuna vijiti vilivyopangwa bega kwa bega. Limeisha tangu wiki iliyopita. Tangu hapo nimelipiga randa mara tatu, na mke wangu, ambaye hapendi kuona ubao unageuzwa vumbi bure, leo asubuhi alisimama hapa na sufuria mkononi.

"Ile sanduku ilishaisha, papa Aline. Uko naogopa nini?"

Nilimwambia mfuniko haujakaa sawa. Mfuniko umekaa sawa.

Sanduku hili ni la baba mdogo Birindwa, mdogo wa marehemu baba yangu, anayeishi kule kisiwani Idjwi. Aliniomba siku ya kuondoa matanga ya baba, mbele ya watu wote. Nimtengenezee sanduku kama lile la mkubwa wake, naye atafute kundi la nyuki aliweke humo, awe na ukumbusho. Watu walipiga makofi. Mama yangu alilia. Mimi niliitikia huku nikiangalia viatu vyangu.

Kama lile la mkubwa wake!

Sasa niseme habari za lile.

Baba alifuga nyuki hukohuko Idjwi tangu kabla sijazaliwa. Mizinga yake ilikuwa ya kusuka kwa fito, mirefu, iliyosiribwa kwa mavi ya ng'ombe, na aliilaza juu ya miti nyuma ya shamba la kahawa. Nilipokuwa mdogo ilikuwa saba. Watu wakakata miti wapate makaa, majirani wakapuliza dawa kwenye nyanya, na mwaka jana ulibaki mmoja tu wenye nyuki, nao umeoza kwa chini. Akanipigia simu. Wa kumsukia mzinga hayupo tena, akasema, na mikono yake mwenyewe inatetemeka. Wewe ni fundi, nitengenezee ile ya sanduku, niwahamishe hawa wa mwisho kabla mvua haijawamaliza.

Nilifurahi kupita kiasi. Tangu nianze kazi hii, baba hakuwahi kuniomba kitu. Kulikuwa na mafunzo ya ufugaji nyuki, siku mbili, kwenye parokia. Nikaenda, nikakaa mstari wa mbele na daftari. Nikachagua mbao kavu zisizo na jicho. Nikachonga vile vijiti vya juu, ambavyo nyuki huning'iniza masega yao, kila kimoja upana wa trente-deux millimètres, yaani milimita thelathini na mbili, kwa sababu kikizidi kidogo nyuki wanajenga ovyo, sega moja linashika vijiti viwili, na huwezi kuvuna bila kuharibu. Baba alipoviona aliweka vidole vyake viwili juu ya kijiti kimoja. Vikaenea sawasawa. Akacheka hadi akakohoa.

"Ni vidole mbili! Kumbe banakufundisha siku mbili mambo ya vidole mbili!"

Hicho ndicho kicheko chake ninachokikumbuka zaidi, na nilikuwa tayari nimeshamharibia.

Mtu wa Bukavu hahitaji kuelezwa vidange ni nini. Kwa wengine: ni mafuta machafu yanayotolewa kwenye injini za magari. Mji huu umejaa nyumba za mbao, na ukipita mitaa yetu utaziona nyeusi kwa chini, kwa maana fundi anayejiheshimu hauachi ubao utoke mkononi mwake bila kuupaka vidange. Mchwa hausogelei. Unyevu hauozeshi. Mimi nimepaka vidange miaka ishirini, mkono wangu unakwenda wenyewe kama wa mtu anayefanya ishara ya msalaba akipita mbele ya kanisa. Nikalipaka sanduku la baba nje. Halafu nikalipaka na ndani, mara mbili, hadi kwenye kona, kwa sababu lilikuwa la baba na sikutaka kazi ya nusunusu.

Kwenye daftari langu imeandikwa, kwa mwandiko wangu mwenyewe: Ndani, hapana kupaka kitu. Nimepiga mstari chini yake.

Sikusahau. Hilo ndilo linaloniumiza. Nilikumbuka, brashi ikiwa mkononi, nikajiambia kwamba yule mwalimu anajua nyuki, lakini mambo ya mbao atanifundisha mimi? Nikaliweka juani wiki nzima. Harufu ikapungua, na kwangu mimi, ambaye nguo zangu zote zinanuka hivyohivyo, ikawa imekwisha. Na baba hakuwa na pua. Tangu alipougua sana miaka ya nyuma hakusikia tena harufu ya kitu chochote. Siku moja sambaza, wale dagaa wa ziwani, waliungua kwenye kikaango mbele yake, naye akaendelea kuwageuza kwa utulivu tu.

Tuliwahamisha nyuki jioni, taratibu, kwa moshi. Baba aliyakata masega ya zamani, akayafunga kwenye vijiti vyangu kwa nyuzi za mgomba, akizungumza na nyuki kwa Kihavu kama mtu anayewaonyesha wageni chumba chao. Kesho yake nilirudi Bukavu.

Siku ya tatu waliondoka wote.

Alinipigia mwenyewe. Nilitegemea atalilaumu sanduku, na nilikuwa nimeshaandaa majibu. Hakulilaumu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Zimekwenda. Nyuki hazikalaka kwa mutu mwenye kuwa na kitu ku roho. Njo niko naitafuta, ile kitu."

Babu ndiye aliyemfundisha hivyo, na baba aliamini kama anavyoamini kwamba mvua inalowesha. Nyuki wakimhama mtu, mtu ajichunguze.

Jumamosi iliyofuata nilipanda boti. Nilifungua mfuniko saa sita, jua likiwa kali, na harufu ikanipiga usoni. Chini kulikuwa na nyuki wachache waliokufa, wamenata kwenye mafuta. Nikafunga. Mama alikuwa anaanika maharage hatua chache kutoka hapo. Maneno yenyewe yalikuwa manne tu: ni mimi, ni vidange. Nikamwuliza baba yuko wapi.

Baba alikuwa kwa baba mdogo Birindwa.

Ndugu hawa wawili wa tumbo moja walikuwa na miaka kumi na moja bila kusalimiana, kwa ajili ya mpaka wa shamba, migomba minne. Kila mmoja alisema mwenzake ameusogeza. Hata kwenye misa huyu alikaa upande huu na yule upande ule. Na sasa baba alikuwa amepanda kilima na fimbo yake, amegonga mlango, amesema: ni mimi niliyekosea, chukua migomba, unisamehe. Baba mdogo akamsamehe. Wakanywa kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu kimoja. Kijiji kizima kilizungumza habari hiyo, na mama aliniambia kwamba nyuki wameondoka lakini wameacha baraka.

Hapo nikapata pa kujificha. Nani angeharibu jambo zuri hivyo kwa ajili ya kopo la mafuta?

Lakini baba hakuishia hapo. Alikwenda kwa mjane ambaye zamani alimfukuzia mbuzi. Alikwenda kwa katekista, ambaye alishangaa, hakukumbuka kosa lolote. Kila akirudi alitazama ule mzinga wa zamani aliouacha mtini makusudi, na ulikuwa mtupu. Kwa hiyo kuna kitu bado, akasema, akaendelea kutafuta. Alikonda. Mama alinieleza kwenye simu kwamba sasa anayataja majina ya watu waliokufa, anawaomba radhi akiwa anapalilia.

Mwishowe zamu yangu ikafika.

Alikuja hadi Bukavu, mtu ambaye moyo wake ulikuwa tayari umechoka, akapanda ngazi za udongo za mtaa wetu akipumzika kila baada ya nyumba mbili tatu. Akakaa kwenye benchi hili ninalolikalia. Akavua kofia.

"Nilikutosha ku masomo, nikakutuma kwa fundi. Haukusemaka kitu. Unisamehe, mutoto yangu."

Sikuwahi kumwekea kinyongo kwa kunitoa shuleni. Mbao nilizipenda tangu siku ya kwanza. Ningebaki shuleni, leo ningekuwa mwalimu mbaya mwenye hasira. Kopo la vidange lilikuwa nyuma ya mgongo wake, brashi imelala juu yake, na alikuwa ananiangalia kama mgonjwa anayesubiri daktari aseme.

Nikasema, "Nimekusamehe, papa."

Akanishukuru. Alinishukuru! Akanywa chai, akamshika mke wangu mkono, na kesho yake akarudi na boti. Wiki tatu baadaye alianguka shambani, maharage yakiwa yameiva, hakuamka tena.

Sitasema vidange ndiyo iliyomuua. Daktari alisema moyo ulikuwa mgonjwa siku nyingi. Ninachosema ni kwamba wiki zake za mwisho duniani alizitumia kujishtaki, na mwenye kosa alikuwa anampigia simu kila Jumapili kumwuliza ameamkaje.

Ndiyo maana ya ile randa. Ndani ya sanduku hili jipya ni ubao mtupu, mweupe, na nimeunusa hadi naona aibu. Kulipeleka Idjwi si kazi, boti ipo. Nilichokiogopa ni kulikabidhi nikiwa kimya na kupigiwa makofi mara ya pili.

Saa nane mchana kelele ya mvua kwenye mabati ilipungua kidogo, nikampigia baba mdogo. Ilifaa nimwambie uso kwa uso, lakini najijua, mbele ya uso wa mtu napata visingizio vingi. Nikasema yote bila kupumua: brashi, daftari, nyuki walionata, baba kwenye benchi.

"Ulipaka vidange?" akauliza.

"Ndiyo, papa mudogo. Inje na ndani."

"Basi mukubwa yangu hakukuwa na kitu ku roho."

"Hakukuwa na kitu."

Nikasikia anavuta kiti. Alipoanza tena sauti yake ilikuwa imebadilika, na ilinibidi nibane simu sikioni kwa sababu ya mvua.

"Ile mupaka, ni miye niliisongesha. Alikuya kuniomba pardon, nikasikia haya kumuambia. Nikasema tu nimemusamehe."

Akajikohoza, akasema nije Jumamosi. Nije na sanduku, lakini tusilifungue kwanza. Tupite kaburini, mimi na yeye, na kila mmoja aseme lake kwa sauti, mama akiwepo. Mama ndiye ninayemwogopa zaidi. Nimekubali.

Nimemwita mke wangu nikamwambia naye. Aliweka sufuria chini. Alichukua kopo la vidange, akalitoa karakanani, akaliweka nje kwenye mvua. Nitalirudisha, mlango wa mteja unalihitaji. Lakini leo nimeliacha hukohuko.

Baba alizunguka kwa kila mtu, na kila mtu alimjibu. Jumamosi tunakwenda kwake sisi, watu wawili tuliomsamehe bila yeye kukosa. Tutasimama pale tukitamani neno moja tu kutoka kwake, lilelile nililompa mimi haraka haraka, vidange ikiwa bado kwenye kucha zangu.