Mshauri wa Tatu

Saluni, chumba cha mbele
9 Machi

Mpendwa dada,

Hujambo? Shemeji naye? Na goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku wazima, na safari hii nikisema mzima sikudanganyi kama nilivyokuwa nikikudanganya kwenye simu.

Ulinisihi nitafute mshauri nasaha, nikawa mbishi. Wembe ndio ulioniamulia. Tangu tumzike baba, mkono ulikuwa ukinitetemeka kila nikikaribia shingo ya mtu. Nikabaki kukata nywele kwa mashine tu, wenye ndevu nikiwaelekeza kwa jirani. Kinyozi gani huyo, dada? Nilikuwa karibu kufunga saluni.

Mshauri wa kwanza alikuwa na haraka. Kabla sijakaa vizuri alishaniambia nifanye mazoezi na nipunguze chai. Nilitoka na karatasi ya maelekezo na mkono ule ule.

Wa pili, usinicheke. Unaijua kazi yetu, mteja akikaa kitini tunamchokonoa mpaka aseme. Basi nikamuuliza habari za nyumbani kwake, akaanza kunieleza alivyokosana na mkewe. Saa nzima nilimfariji mimi. Alinishukuru sana, nikaona aibu kurudi.

Nilitaka kukata tamaa, lakini nikakumbuka ulivyoniambia kwamba hata viatu huwa najaribu jozi tano. Wa tatu ni mama mtu mzima, chumba chake kina viti viwili na dirisha. Nikaanza ujanja wangu, nikamuuliza ana watoto wangapi. Akatabasamu, akasema, "Wako salama. Tuzungumze habari zako." Nilitafuta pa kukimbilia, sikupaona, nikalia.

Nikamwambia jambo ambalo hata wewe sijawahi kukuambia. Asubuhi ile hospitalini, nilipomnyoa baba mara ya mwisho, nilimkata kidevuni. Mchana akafariki, tukamzika na kidonda kile. Miaka miwili nimejiona nimemuumiza mtu aliyenifundisha kushika wembe. Yule mama hakunihubiria wala hakuniambia nisahau. Aliuliza tu, "Baba alisemaje ulipomkata?"

Dada, nilikuwa nimesahau kabisa. Baba alicheka, akasema, "Bado una haraka, mwanangu." Nililia tena, ila safari hii kilio kilinipa nafuu.

Nimekwenda mara saba sasa. Jumamosi baba mdogo aliingia, akakaa kitini bila kuniuliza, akainua uso. Unakijua kidevu chake, ni kile kile cha baba. Nilimpaka povu, nikamnyoa taratibu mpaka mwisho bila hata kumkwaruza. Alijipapasa mashavu, akaomba kioo.

Mke wangu na baba mdogo wanakusalimu. Nibusie wapwa wangu, hasa Kibonge, mwambie mjomba hajamsahau. Mungu akuponye goti na awatunze nyote.

Na shemeji mwambie azifuge ndevu mpaka mtakapokuja. Nitamnyoa mwenyewe, na sitakuwa na haraka.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Kinyozi