Winga Aliyekuwa na Kafili

Baghdadiyah, Jeddah
Mwezi wa Rajabu, mwaka wa sitini na moja nikiwa nje ya Unguja

Mdogo wangu Suleiman,

Salamu hizi zikukute mzima, na mguu wako uwe umepona hata ushuke ngazi bila ya kumtukana aliyezijenga. Mie mwili haujambo; roho ndiyo haitulii. Tangu nipate barua yako natoka hadi baharini nikarudi, nakaa nikainuka. Umeuliza: kwa kuwa kafili wangu, tajiri aliyenidhamini na kushika pasi yangu, kafariki na wanawe wamenipa ruhusa ya kuondoka, narudi lini kuishi nyumbani, au mjukuu wako anayeolewa apewe chumba changu?

Unamkumbuka yule winga wa Kiingereza uliyebandika picha yake nyuma ya mlango? Ulimpenda, kisha ukamwita mwoga, kwa kuwa alichezea timu ile ile ya mji wa viwanda mpaka goti likamshinda. Mie nikasema labda karidhika. Sote tulikosea. Nimesoma maisha yake. Siku zile mkataba wa mchezaji ukiisha, timu yake bado iliweza kumzuia asicheze kwengine. Aliomba kuondoka, wakakataa. Akaomba tena, wakamshusha timu ya pili.

Nilimsimulia Otieno, Mkenya anayelinda jengo letu. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kumbe hata mzungu alikuwa na kafili? Mzee, hiyo lazima niwaambie wenzetu wa mtaa wa Kandara hapa Jeddah."

"Mwishowe walimwachia," nikamwambia.

"Akaenda timu gani?"

"Hakwenda. Timu kubwa ilimwita, akakataa. Akabaki pale pale mpaka goti likamshinda, kisha akafungua duka la magazeti karibu na uwanja ule ule."

"Huyo alikuwa mjinga, mzee, usinikasirikie." Halafu akaniangalia. "Na wewe wamekuachia. Unaenda lini?"

Nilipanda juu, nikatoa sanduku, nikakunja kanzu mbili, nikazikunjua. Kweli, kafili alininyima ruhusa hata mama alipofariki, na hilo sijamsamehe. Lakini miaka yote hii nilimtwika na mengine yasiyokuwa yake, hata kutotaka kwangu kurudi. Unguja, ukijitoa wewe, hapana aliye hai wa kuniita Dula. Hapa muuza samaki hunigombeza nikipita bila ya kumsalimia. Wajukuu zangu, watoto wa binti yangu Rahma, nawasemesha Kiswahili, wananijibu, "Halas, basi, babu, tumefahamu," kwa Kiarabu, nao hawakufahamu kitu.

Winga yule hakuwa mwoga wala mjinga. Walipomwachia, alikwishakuwa mtu wa pale. Nimechukua muda mrefu kulikubali hili, na bado usiku huu nimeinuka mara kadhaa nikiandika.

Nisalimie mkeo, wanao wote, na jirani yetu anayeadhini msikitini. Bwana harusi mwambie amtunze mjukuu wetu.

Chumba mpe bibi harusi. Mie sitarudi, Suleiman.

Kaka yako,
Abdalla