Baba, Simu Ile Haikukusikia

Baba yangu,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, wala Mama, wala Amina ninayekaa naye dawati moja. Kikohozi kile kilikuwa changu. Wewe peke yako ulijua, na umeondoka nacho.

Naanza hapo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe. Unanijua. Ulikuwa unawaambia wateja, "Huyu mutoto, ukimuuliza jina yake anakuletea maji ya kunywa." Wao wanacheka, mimi nakimbilia nyuma ya rundo la matairi.

Mtaa wetu wa Buyenzi haujanyamaza tangu uende. Nyundo zipo, honi zipo, adhana ya Alasiri bado inashindana na moteri za magari zinazojaribiwa. Lakini mlango wa garaji yetu umefungwa. Nikitoka shule napita pale, nasimama kidogo, kama mtu anayesubiri kuitwa. Hakuna anayeniita.

Unakumbuka ile bisibisi ndefu? Uliweka ncha juu ya moteri inayounguruma, mpini kwenye sikio, ukafumba macho. Kisha ukanipa mimi. "Sikiliza. Unasikia nini?" Mimi ambaye darasani sinyanyui mkono, pale nilijibu: "Kuna kitu kinagonga chini, upande wa kushoto." Mwenye gari alikuwa ameapa kwamba mafuta alibadilisha juzi tu. Ukachovya kidole, ukamwonyesha kilivyotoka cheusi, lakini maneno ukaniambia mimi: "Moteri haisemi uongo, mwanangu. Mwenye moteri ndiye anasema uongo." Yule bwana akaangalia viatu vyake.

Ndiyo maana siku Dada Esperansi alipokuja na simu yake nilidhani utaipenda. Yeye ni mjumbe wa afya, anapita garaji kwa garaji. Alieleza kwamba unakohoa mara tatu mbele ya simu, na akili bandia iliyomo ndani inalinganisha sauti yako na vikohozi vya watu wengi, halafu inasema kama uende kituoni ukapimwe kifua kikuu. Si dawa, alisema, wala si muganga. Ni sikio tu.

"Sikio!" Mzee Saidi wa vipuri akapiga makofi. "Simu yangu mi, jina ya mama yangu inashindwa kuandika. Leo itajua mapafu yangu?"

"Na sauti zetu zinaenda wapi?" akauliza fundi wa rejeta. "Kuna mutu huko anakaa kusikiliza namna tunakohoa?"

"Basi muache asikilize," ukasema, "pengine na yeye hana redio." Wote wakacheka, na wewe ukacheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, ukaegemea ukuta muda mrefu huku wenzako wakijifanya wanatafuta spana.

Mama alikuwa ameleta chakula. Alisema kitu ambacho bado nakifikiria: "Mi naona mashini ni afadhali kuliko mutu. Mashini haina jirani ya kwenda kumwambia."

Ukakubali, ila hukutaka kukohoa mbele ya watu. Ukachukua simu, ukaingia stoo, ukaniita nikufungulie, kama nilivyokufungulia kila simu uliyowahi kushika. Esperansi akabaki nje, kwa heshima.

Stoo ilinuka petroli. Nilibonyeza, nikakuwekea simu mbele ya mdomo. Ukaisogeza mbele ya wangu.

"Kohoa we."

"Mimi, Baba?"

"Kifua chako si changu? Kohoa."

Nikakohoa mara tatu. Nilijua unaogopa nini. Yule fundi wa kulehemu aliyeambiwa ana kifua kikuu, mpaka leo kikombe chake cha chai kimefungwa uzi mwekundu ili mwingine asikosee kukinywea. Uliogopa uzi ule kuliko ugonjwa. Na mimi, nitakuambia yote, nilifurahi. Tulikuwa na siri, sisi wawili, na hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyekuwa na siri na wewe.

Alama ya kijani ikatokea: mzima. Tukatoka kumrudishia Esperansi simu. "Mungu asifiwe, Papa," Esperansi akasema. "Lakini kikohozi kikiendelea, uje kituoni hata kama simu imesema sawa." Neno la kwanza tulilipeleka nyumbani. La pili tuliliacha pale mlangoni.

Baada ya hapo kijani kile kikawa ngao yako. Kila Mama aliposema twende hospitali, ulimjibu, "Apana, mashini imeshanipima." Ukatoboa mkanda wako tundu jipya kwa msumari, halafu jingine, halafu la tatu. Nilikuwa nayahesabu ulipokuwa unasujudu.

Hospitali uliingia ukiwa mwepesi, Mama na mimi tulitosha kukushika. Daktari alikuwa anaongea Kifaransa, Mama anajibu kwa Kiswahili, na mimi katikati. Akauliza kama uliwahi kupimwa. "Alipimwa," Mama akasema. "Ile simu ya akili ilisema ni muzima." Nikatafsiri neno kwa neno, kwa Kifaransa safi ambacho mwalimu wangu angenipa alama zote. Daktari akatikisa kichwa, akaandika. Nilikuwa na lugha mbili mdomoni, Baba, na nikanyamaza kwa zote mbili.

Wewe kitandani ulinitazama, kisha ukafumba macho kama ulivyokuwa unafumba juu ya moteri. Mpaka leo sijui ulikuwa unaniambia ninyamaze au ulikuwa unasubiri kusikia.

Kwenye matanga watu walisema mashini imeua mtu. Esperansi alikuja na sukari, kama wengine. Mama akamsimamisha mlangoni: "Simu yako peleka kwa matajiri wa Kigobe, ikapime wakubwa! Hapa imeshamaliza kazi." Esperansi aliweka sukari kizingitini, akaondoka akijifuta macho kwa kitenge, na mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, nimeshika sinia ya vikombe. Watu wa kituo walipokuja kutuita nyumba nzima tupimwe kifua kikuu kilichokuondoa, Mama aliwafungia. Mtaa nao umewafungia. Esperansi akitokea na simu, mafundi wanaingia chini ya magari. Fundi wa rejeta anakohoa huko chini. Miguu yake naiona inatikisika.

Sijui kama simu ingekusikia vizuri. Labda nayo ingekosea, Esperansi mwenyewe hakuapa. Lakini haikukusikia kabisa. Ililetewa kifua cha msichana mzima, ikasema ni kizima. Haikusema uongo. Uongo tuliusema sisi, wenye moteri.

Wakati mwingine nakukasirikia, halafu nasikia mtu anaburuza spana sakafuni na hasira yote inaisha, nabaki nakutaka tu. Nakutaka na mikono yako yenye grisi, na ile namna ya kuniuliza "Nini?" kana kwamba jibu langu lina kazi.

Sasa sikiliza, Baba. Mama anakohoa.

Hii ni wiki ya tatu. Anasema ni vumbi. Anageukia ukuta, kama wewe. Chumba changu na chake vinagawana ukuta mmoja, na sihitaji bisibisi. Wewe mwenyewe ulinifundisha. Jana nilimwambia twende kituoni. Akasema, "Kwa wale? Si ndio walimwambia baba yako ni muzima?" Sikuwa na la kumjibu isipokuwa hili ambalo nakuandikia.

Siri zangu zote naziandika kwa Kifaransa, kwa sababu Mama hakisomi. Hii nimeiandika kwa Kiswahili. Nilipofika katikati ya ukurasa ndipo nilijiuliza kwa nini, na nikaendelea kuandika.

Atalia. Labda atanipiga. Labda hatanipiga, ataniangalia tu, na hilo naliogopa zaidi. Na wewe jina lako litasemwa mtaani vibaya kwa muda. Nisamehe. Uzi mwekundu kwenye kikombe cha Mama nitaustahimili, nitanywea humo humo nikishaambiwa naweza. Kikombe chake kukaa kabatini bila mtu wa kukinywea, hapana.

Kandambili za Mama zinakuja ukumbini. Amesimama kidogo, anakohoa. Kitabu cha biolojia kiko hapa mkononi, kile ninachofunikia kila kitu. Nimekirudisha mahali pake.

Baki na amani ya Mola, Baba. Mlango unasukumwa na karatasi iko mezani, wazi.

Binti yako,
aliyekohoa badala yako